Aliyekata Vitambaa

Wanasema hasira hasara. Mimi hasira imeniamsha kila asubuhi kwa miezi tisa, imenivalisha, imenipeleka kazini na kunirudisha, kwa hiyo methali hiyo wapelekeeni wengine. Mdogo wangu alikufa Jumamosi, saa nne asubuhi, ndani ya stoo ya dawa kazini kwetu. Jumatatu iliyofuata meneja alisimama mbele yetu sote akamwita mwizi. Kufa, kila mtu atakufa. Lakini uuawe, halafu aliyekuua akuite mwizi, na baba yako mzazi akalisikie neno hilo dukani alikokwenda kununua sukari? Weee! Hapo niliapa kwamba yule bwana nitakula naye sahani moja.

Kazi yetu ni kufua. Si kufua kwa beseni nyuma ya nyumba. Ni kiwanda, mashine nane, kila moja inameza mashuka themanini kwa mara moja: mashuka ya hospitali, taulo za hoteli, makoti ya madaktari. Mimi nakaa chumba cha viraka na cherehani yangu. Shuka likichanika linaletwa kwangu, nalitia kiraka, linarudi kulaliwa. Miaka kumi na saba nimekaa kwenye kiti kile kile, na mgongo wangu unajua kila msumari wake.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mtu wa dawa. Tulimwita Povu, maana hakuwahi kurudi nyumbani bila sabuni masikioni. Alikuwa mrefu hata akazoea kuinama kabla ya kufika mlangoni. Mama alituacha yeye akiwa na miaka minne na mimi kumi na sita, kwa hiyo meno yake ya kwanza yalipong'oka ni mimi niliyeyatupa, na viatu vyake vya shule ni mimi niliyevifunga. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, bado akipita dirishani kwangu anaingiza kichwa: "Daktari, mgonjwa wako ameamkaje?" Mgonjwa ni shuka. Nami namjibu, "Kafa, nawe kazikwe naye." Tulikuwa tunataniana hivyo. Siku hizi nikikumbuka jibu langu nauma ulimi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo lote liko hapa. Dawa zetu kubwa ni mbili. Moja tunaiita Nyeupe, ya kutoa madoa. Nyingine Chachu, ya kusuuzia mara ya mwisho, inayoondoa ukali wa sabuni ili shuka lisimwashe mgonjwa. Kila moja peke yake haina neno. Zikikutana zinatoa moshi unaochoma mapafu, na hilo hata mfagiaji wetu analijua. Lakini madumu yake yanafanana, ya bluu yote, lita ishirini, na lebo zinabanduka kwa mvuke kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo tangu zamani wafuaji walijiwekea desturi: mkono wa dumu la Nyeupe unafungwa kitambaa cha kijani, wa Chachu kitambaa chekundu. Vitambaa nilivitoa mimi, kwenye mabaki yangu, na fundo nililifunga mimi, fundo la mara mbili. Hakuna aliyesoma lebo. Mkono ulitafuta kitambaa, basi.

Meneja tulimwita Manukato. Akiingia kwenye korido unamsikia puani kabla hujamwona. Viatu vyake vyekundu vyenye ncha, koti hata kwenye joto la mashine, na neno lake ni moja: "Mpangilio!" Wiki ile tulikuwa tunangoja wageni kutoka hoteli kubwa, waje Jumamosi kutazama kama tunafaa kupewa mashuka yao. Manukato akazunguka kila pembe na kidole chake kutafuta vumbi. Alhamisi akafika stoo ya dawa, akaona vitambaa vyangu vinaning'inia.

"Hiki ni kiwanda au kilinge cha mganga?" akafoka.

Akaja chumbani kwangu kuchukua mkasi. Kwetu mkasi hautoki chumbani hivi hivi. Zamani mkasi ulisahaulika ndani ya mashuka, ukaingia kwenye mashine, ukaitoboa tumbo. Tangu hapo upo daftari, na anayeuchukua anaandika jina, saa na kazi anayokwenda kuufanyia. Manukato naye aliandika. Anaipenda saini yake yule, ina mikia kama kishada. Aliandika: saa nne, kukata matambara, stoo ya dawa.

Saa tano akarudi. Akatupa mezani mkasi wangu na fungu la vitambaa, vya kijani na vyekundu, mafundo bado yamo. "Tia kwenye takataka zako," akasema. Niliviona. Nilijua ni vya madumu. Nikasema moyoni, huyu bwana ana wazimu, kisha nikavisokomeza kwenye mto wa kiti changu, maana ulikuwa umelala na makalio yalikuwa yananiuma. Nikaendelea kushona. Naam, hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mtakaonichukia nichukieni kuanzia hapa.

Povu hakuwepo stoo siku hiyo. Alhamisi na Ijumaa walimpeleka kwenye gari la kusambaza mashuka, mpakiaji alikuwa mgonjwa. Manukato na vibarua wawili wa kutwa, ambao hawajui Nyeupe wala nyeusi, wakayapanga madumu safu kwa safu yapendeze. Dirisha la stoo wakaliziba kwa bango jipya: USALAMA KWANZA. Jumamosi asubuhi Povu anaingia, anakuta madumu yako uchi. Akauliza. Mama Pasi, anayenyoosha makoti meza ya jirani na stoo, alisikia yote.

"Nyeupe kushoto, Chachu kulia," Manukato akamwambia. "Yaliyo nusu nusu yaunganishe, sitaki kuona dumu halijajaa. Funga mlango, wageni wasione fujo. Haraka, ndugu yangu, haraka!"

Upande wa kushoto kulikuwa na madumu mawili ya Chachu. Povu alimimina. Walipoufungua mlango alikuwa amelala chini ya lile bango, na kwa mkono mmoja alikuwa ameshalichana.

Karibu yake kulikuwa na kidumu cha lita tano. Ni kidumu cha kupimia, kipo stoo tangu enzi. Manukato akakipiga picha. Jumatatu akatuambia, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba marehemu alikuwa akijimiminia dawa za kampuni ili akauze mtaani, kwamba alijichanganyia mwenyewe na kujiua mwenyewe, na tumwombee msamaha. Alitaka tusimame kimya dakika moja. Nikakaa.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa benki miaka thelathini. Kwa miaka thelathini aliwatazama watu mikono. Mzee alikuwa akienda kila jioni kwa kinyozi kucheza drafti, na kelele zake za ushindi tulizisikia hadi nyumbani. Baada ya lile neno aliacha. Nywele zikamwota, ndevu zikamwota, mapazia akayafunga mchana. Nilimletea chakula, akala vijiko viwili. "Mimi nimelinda mali za watu," aliniambia, "halafu nimezaa mwizi?" Nikamwambia, baba, hakuwa mwizi, na nitakuletea hilo neno likiwa limeandikwa kwa wino na kupigwa muhuri. Nilivyotaka ni viwili tu: jina la Povu lisafishwe, na Manukato alie.

Watu walishangaa kwa nini sikuacha kazi. Niache niende wapi? Niliketi pale pale nimwone kila siku. Alikuja mara mbili na bahasha ya rambirambi, mara mbili nikamwambia aiweke kwenye meza, na mara mbili nikamrudishia karani wake. Akipita nilikuwa nashusha macho, ananiona mpole. Nilijitia hamnazo mpaka yeye mwenyewe akaanza kuniita dada.

Wiki ya tatu akaja mkaguzi wa usalama kazini. Mwanamke mfupi, amebeba mkoba uliokatika mkanda. Alikuwa na karatasi ya daktari: mapafu yamechomwa na hewa ya dawa mbili zilizochanganyika. Nikamwambia, lete huo mkoba nikushonee. Nikawa nashona huku ananiuliza.

"Marehemu alikuwa nani kwako?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Pole sana, dada. Alikuwa akiuza dawa?"

"Mama, akialikwa harusini alikuwa anaazima shati la baba. Mtu mwenye biashara yake anaazima shati?"

Akacheka kidogo, akajizuia. Nikampa habari ya vitambaa. Akakunja uso. "Mbona nimeingia stoo sikuona hata kimoja? Na meneja anasema havijawahi kuwepo." Nikamwonyesha daftari la mkasi. Akaisoma ile saini yenye mikia mara tatu, akaipiga picha, akaenda kumuuliza mwenyewe. Akarudi amenyong'onyea. Manukato amemwambia matambara aliyokata yalikuwa mabango mabovu ya zamani. Wafuaji nao, alipowauliza, kila mmoja alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Wana watoto, wana kodi za nyumba, siwalaumu. Uongo! Niliwalaumu, na nikawalaani mmoja mmoja kwa majina yao.

"Nipate kitambaa kimoja tu," mkaguzi akaniambia akivaa mkoba wake. "Kimoja, na mtu wa kuniambia kilitoka wapi. Bila hicho, faili hili litafungwa kama lilivyo."

Kimoja! Vilikuwa kumi na vinne, na nilikuwa nimevikalia.

Nikajifanya natafuta kibano chini ya meza. Kwa sababu swali la pili nililijua: umevipata lini? Nikijibu Alhamisi, swali la tatu linafuata lenyewe. Alhamisi ile ile jioni Povu alikula nyumbani kwa baba, mezani na mimi, ubavu kwa ubavu. Ningemwambia neno moja tu, "Vitambaa vimekatwa," angeingia Jumamosi na vingine mfukoni, au angegoma, au angalau angenusa kwanza. Mimi nilidhani nini? Nilidhani keshajua. Nilidhani si kazi yangu. Nilikuwa nimechoka. Sina sababu nzuri, nimeitafuta.

Kwa hiyo nikatafuta njia nyingine ya kummaliza Manukato bila kujigusa. Nikamwendea Mama Pasi. Nikambembeleza, nikamtisha, nikamnunulia soda. "Shoga yangu," akasema, "nina watoto wanne na kazi moja. Nikiongea, wewe utanilisha?" Nikamwambia Mungu atamlisha. Akaniambia, "Basi akianza kunilisha, nitakuja kuongea." Nikashindwa kumkasirikia, maana alikuwa analia.

Mwezi wa nne wakaitisha kikao cha uchunguzi, kwenye bwalo la chakula, wafanyakazi wote waje. Asubuhi yake Manukato akaniletea koti, kifungo kimelegea. "Dada, nisaidie, leo nina watu wakubwa." Nilikishona kifungo kile kwa uzi wa mara nne. Nilitaka awe nadhifu siku ya kuanguka, na bado sikujua nitamwangushaje.

Baba alikuja. Sikumwita. Aliingia na ndevu zake zile, na shati lile lile ambalo Povu alikuwa akiliazima, akaketi mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Mkaguzi alikaa na mzee mmoja wa ofisi ya kazi. Manukato akazungumza nusu saa. Akatuuma huku anapuliza: kijana alikuwa mchapakazi, lakini tamaa, alikuwa mcheshi, lakini tamaa. Kila akitaja tamaa, kichwa cha baba kinashuka kidogo. Nilimwona mzee wangu anazidi kuwa mfupi kwenye kiti.

"Hayo matambara uliyokata Alhamisi," mkaguzi akauliza, "yalikuwa nini?"

"Mabango ya zamani, mheshimiwa. Uchafu tu."

"Kuna yeyote aliyeyaona?"

Mama Pasi akainama kufunga kiatu kisicho na kamba. Mzee wa ofisi ya kazi akaanza kufunga kalamu yake. Manukato akajinyoosha koti, akashika kile kifungo changu, akatabasamu. Akamtabasamia nani? Baba yangu.

Basi. Nilitoka mbio hadi chumba cha viraka, nikarudi na mto wa kiti changu kwapani na mkasi mkononi. Nikaupasua mbele ya meza yao. Vikamwagika vitambaa, kijani na vyekundu, mafundo yangu yamo, na madoa ya dawa yamo, na kila kimoja kina kijino ambacho mkasi wangu wenye pengo unakiacha kwenye kitambaa.

"Uchafu wake huu hapa!" nikapiga kelele. "Mwambieni ahesabu!"

Manukato alikuwa na akili, hilo sitamnyima. Alipauka, lakini hakunyamaza. Akanigeukia taratibu.

"Na wewe ulivipata lini, dada?"

Bwalo zima likaniangalia. Sikumtazama baba.

"Alhamisi. Ulinitupia mwenyewe."

"Alhamisi," akasema. "Kwa hiyo ulijua. Siku mbili ulijua, na hukumwambia mdogo wako. Sasa mwizi ni nani na muuaji ni nani?"

Alidhani nitarudi nyuma. Thubutu! Nilimsogelea mpaka manukato yake yakanichoma koo.

"Nilijua," nikasema. "Niandikeni. Niandikeni kwa wino mwekundu. Nilijua nikakalia. Lakini wewe ndiye uliyekata, wewe ndiye uliyepanga, wewe ndiye uliyemwambia afunge mlango. Kama ni kuzama, leo tunazama wote, na nitakushika shingo mpaka chini."

Hapo ndipo Mama Pasi aliposimama. Hakuwa na Mungu wa kumlisha bado, lakini alisimama. "Alimwambia afunge mlango," akasema. "Alimwambia haraka. Nilisikia kwa masikio haya." Mfuaji wa mashine ya tatu akasimama. Wa tano akasimama. Wakaanza kuongea wote kwa pamoja, vitambaa, vitambaa, miaka yote vitambaa, hata mkaguzi akagonga meza kwa kiatu chake. Manukato akaketi. Kifungo kilishika vizuri.

Karatasi ilitoka baada ya wiki mbili, ina muhuri. Ilisema marehemu alikuwa akitekeleza amri ya meneja, na kidumu cha lita tano ni kifaa cha kazi, na hakuna ushahidi wowote wa wizi. Baba aliisoma kimoyomoyo, kisha akaniambia nimsomee kwa sauti, kisha akaenda nayo kwa kinyozi. Alirudi amenyolewa. Nilimsikia jioni ile akimfokea mtu kuhusu kete ya drafti, nikakaa jikoni nikalia mpaka chakula kikaungua. Habari ya Alhamisi hakuigusa. Si siku hiyo, si wiki ile, si mwezi ule. Nikasema moyoni, mzee kanisamehe, au hakusikia vizuri.

Kesi ya Manukato ilikwenda mahakamani. Sikukosa siku hata moja. Nilikaa mstari wa kwanza, namtazama shingoni. Alikonda, nikafurahi. Mkewe alilia kwenye benchi, nikajaribu kumwonea huruma, haikuja. Ijumaa iliyopita hakimu akamsomea: miaka sita. Alipopitishwa na pingu nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mpangilio, bwana." Askari akanisukuma nje, nikatoka nacheka.

Sikungoja gari. Nilitembea hadi kwa baba, jua la saa nane, miguu haigusi chini. Nilimkuta anapiga pasi shati.

"Baba! Kafungwa! Miaka sita, baba! Sita!"

Akaiweka pasi wima. Hakucheka. Akakaa kitini, upande ule wa meza anaokaa siku zote.

"Ile Alhamisi," akasema, "mlikula hapa wote wawili."

"Ndiyo, baba."

"Mlikuwa mnacheka. Nilikuwa nasikiliza redio, mkanizidi kelele. Mlikuwa mnacheka nini?"

"Viatu vya meneja," nikasema. "Povu alikuwa anamwigiza anavyotembea."

"Mlicheka muda mrefu."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akipiga hesabu na sasa imekubali.

"Yule amekata vitambaa, wamempa miaka sita," akasema. "Na wewe, mwanangu, nikupe mingapi?"

Mdomo wangu huu umewajibu mameneja na mahakimu. Nilivuta kiti changu cha Alhamisi ile, nikaketi. Baba akainuka, akachukua pasi, akaendelea na kola.